Dirisha la Dawa Ndilo Kipimo: Kuchagua Bima ya Afya Uzeeni, Magarama hadi Muyinga

Kwenye benchi la kituo cha afya cha serikali mjini Gitega, bibi na mjukuu wanaweza kukaa bega kwa bega, wote wawili wana homa, na mmoja tu akatibiwa bure. Mjukuu ana miaka 3. Tangu tarehe 1 Mei 2006, siku Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza kwamba watoto wasiofikisha miaka 5 na akina mama wanaojifungua watibiwe bila malipo, mtoto huyo amebebwa na nchi nzima. Bibi yake hana tangazo la namna hiyo. Ana CAM, kadi ya serikali ya msaada wa matibabu, ikiwa ameinunua. Ana mitiweli ya serikali, yaani bima ya watumishi wa umma, ikiwa yeye au marehemu mumewe alikuwa mwalimu au karani. La sivyo ana watoto wake na simu zao.

Magarama ni mtaa wa mji wa Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019. Muyinga iko kaskazini mashariki, mkoa wa zamani ambao barabara yake inashuka Kobero na kuingia Ngara nchini Tanzania. Kati ya miji hiyo miwili, ukipitia Karuzi, wapo maelfu ya wazee ambao mwaka huu watakaa na watoto wao wakijadili jambo moja: baba atibiwe kwa kadi gani, mama aandikwe wapi, na nani atoe pesa. Mazungumzo hayo mara nyingi huanzia kwenye asilimia. Kadi hii inalipa themanini kwa mia, ile inalipa sabini, basi tuchukue ya themanini. Naamini huko si mahali pa kuanzia. Mzee achague bima kwa kuangalia dawa anazomeza kila mwezi na dirisha anapozichukua. Hayo mawili yakishajulikana, asilimia inaanza kuwa na maana.

Sababu yake imo katika maradhi yenyewe. Ugonjwa wa kijana huja na kuondoka: malaria, kuvunjika mguu, kidole tumbo. Anaingia hospitali, anatoka, hesabu inalipwa, maisha yanaendelea. Presha ikishaingia mwilini mwa mtu wa miaka 62 haiondoki. Sukari ni hivyo hivyo. Tezi dume, maumivu ya viungo, moyo unaochoka, mtoto wa jicho: haya ni maradhi ya kukaa nayo, na gharama yake kubwa haipo kitandani, ipo kwenye vidonge vya asubuhi na jioni, kipimo cha sukari, na safari ya kumwona daktari kila baada ya miezi michache. Bima nyingi zilibuniwa na watu waliokuwa na kitanda cha hospitali akilini. Mzee anazitumia kwa jambo lingine kabisa, na hapo ndipo anapoumia.

Kabla ya kuzitazama kadi moja moja, kuna historia ambayo watoto wetu hawaijui na wazee wetu hawajaisahau. Mwaka 2002, nchi ikiwa bado vitani, serikali ilianzisha utaratibu wa mgonjwa kulipia gharama zote za matibabu yake. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch pamoja na APRODH, shirika la Burundi la kutetea haki za wafungwa na binadamu, walitoa ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliozuiliwa hospitalini baada ya kupona kwa sababu hawakuweza kulipa. Walikuwamo akina mama waliotoka kujifungua kwa upasuaji, walikuwamo watoto. Walikaa wiki, wengine miezi, wakingoja ndugu auze shamba au msamaria ajitokeze. Mtu aliye na miaka 65 leo alikuwa na umri wa miaka 40 na kitu wakati huo. Aliyaona, au yalimpata jirani yake. Ndiyo maana ukimwambia, "Mama, twende hospitali," anakujibu, "Mwanangu, ngoja kwanza, huenda itapoa." Msimchukulie kuwa mkaidi. Anaogopa deni. Kadi nzuri kwa mzee wa namna hiyo ni ile itakayomtoa nyumbani mapema, kwa sababu anajua hakika atalipa kiasi gani akifika.

Sasa tuje kwenye CAM, maana ndiyo iliyo karibu na walio wengi. Zaidi ya Warundi 80 kwa kila 100 wanaishi kwa kilimo, na mjini ndugu zao wanaishi kwa biashara ndogo, ushonaji, ufundi na uchuuzi. Hawana mwajiri wa kuwakata mshahara. Kwa ajili yao serikali iliunda kadi hii mwaka 1984, na mwaka 2012 ikaifufua kwa taratibu mpya: kaya moja ilipangiwa kulipa franka 3,000 kwa mwaka, na kadi hulipia sehemu 80 kwa 100 ya matibabu kwenye vituo na hospitali za umma, mgonjwa akimalizia 20. Inawahusu mume, mke na watoto ambao bado wako chini yao. Hununuliwa kupitia komune. Uliza bei ya sasa kabla ya kwenda, kwa sababu mambo ya hifadhi ya jamii yamo katika mabadiliko tangu sheria yake mpya ya Mei 2020. Lakini kwa vyovyote CAM ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote nchini, na haimuulizi mtu umri wake.

Jambo hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwa mzee kuliko linavyoonekana. Kampuni binafsi itamuuliza ana miaka mingapi na anaumwa nini. CAM haiulizi. Mwenye sukari ya miaka 10 hulipa sawa na kijana asiyeumwa. Kwa hiyo ninamshauri kila mzee asiye na mitiweli ya kazi aipate kadi hii, hata kama watoto wake wamemkatia bima nyingine. Iwe ndiyo msingi. Kisha ajue inaishia wapi.

Tufanye hesabu. Tuseme mzee wa Magarama, fundi cherehani aliyestaafu kwa macho kuisha nguvu, amelazwa hospitali ya mkoa kwa kichomi na hesabu yake imefika franka 300,000. Akiwa na CAM atalipa 60,000. Zilizobaki, 240,000, zinabebwa na serikali. Hapo kadi imemwokoa, na franka 3,000 alizotoa zimekuwa baraka. Lakini mzee huyohuyo ana presha na sukari. Kila mwezi anaandikiwa dawa. Akifika kwenye dirisha la dawa la hospitali anaambiwa moja ipo, mbili zimekwisha, akanunue nje. Famasia ya nje ni ya mtu binafsi, na CAM haifanyi kazi pale. Tuseme anaacha franka 25,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 300,000, sawa kabisa na ile hesabu ya hospitali, tofauti ni kwamba hii anailipa yote mwenyewe, na mwakani itarudi, na mwaka unaofuata pia. Kichomi huenda kisimpate tena maisha yake yote.

Uhaba huu wa dawa si wa jana. Miaka ya mwanzo ya kadi hii, mtafiti Dyna Arhin aliichunguza Muyinga na kuchapisha matokeo yake mwaka 1994, akijiuliza kama mpango huu ni tunu kwa jamii au ni jambo lisiloweza kujiendesha. Swali lake linaishi hadi leo, na kiini chake ni kile kile: kadi ina thamani ya dawa zilizopo rafuni. Hospitali humtibu mwenye CAM kwa kutarajia kurudishiwa pesa na serikali. Marejesho yakichelewa, hospitali haina fedha za kuagiza dawa, na dirisha linakuwa tupu. Juu ya hayo, uhaba wa fedha za kigeni ulioibana nchi miaka ya karibuni umezigusa dawa kama ulivyoigusa petroli. Mfamasia wa hospitali anayemwambia bibi "hakuna" hana kosa, naye amechoka kulisema neno hilo.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuchagua chochote. Chukua karatasi za dawa za mzee za miezi mitatu iliyopita. Andika kila dawa, ilipatikana dirisha gani, na ililipiwa kiasi gani. Ukiona dawa nyingi zilipatikana kituoni au hospitalini, CAM inamtosha kwa kiasi kikubwa na pesa ya ziada iwekwe kwa ajili ya safari na vipimo. Ukiona nyingi zilinunuliwa nje, basi hata kadi ya asilimia mia ya hospitali isingekusaidia. Unachohitaji ni bima inayotambulika kwenye famasia, au mfuko wa dawa wa familia unaolishwa kila mwezi bila kukosa. Muulize daktari pia jambo hili, na usione haya: kama dawa aliyoandika kwa jina la kampuni inaye mwenzake wa jeneriki mwenye kiambata kilekile. Mara nyingi yupo, na bei yake ni ndogo sana. Kwa mtu anayemeza kidonge kila siku hadi mwisho wa uhai wake, swali hilo moja linaweza kupunguza gharama kuliko kubadilisha bima.

Waliofanya kazi serikalini wana mlango mwingine. Mutuelle de la Fonction Publique, ambayo kila mtu anaiita mitiweli, iliundwa mwaka 1980. Mchango wake ni sehemu 10 kwa 100 ya mshahara wa msingi: mtumishi anakatwa 4, mwajiri anatoa 6. Ubora wake mkubwa kwa mzee ni kwamba inafika hadi kwenye dawa. Ina maduka yake ya dawa, ina makubaliano na famasia, na hulipia vizuri zaidi dawa za jeneriki. Mwalimu mstaafu wa Magarama mwenye presha na aliyebaki ndani ya mitiweli amekaa pazuri kuliko mfanyabiashara mwenye pesa mara tano zaidi yake ambaye hana chochote.

Nasema "aliyebaki", kwa sababu hapo ndipo watu wanapojikwaa. Ulipokuwa kazini, mchango ulikatwa hata bila wewe kujua. Siku ya kustaafu mshahara unakoma, pensheni inatoka ofisi nyingine, na kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza huwa kuna miezi ya kungoja mafaili. Katika miezi hiyo mtu anaumwa, anafika hospitali na kadi yake ya zamani, anaambiwa haina uhai. Mtumishi aliyebakiza mwaka mmoja afike ofisi za mitiweli akiwa bado na barua ya kazi mkononi, aulize mambo ya wazi: nikistaafu nitaendeleaje, nitachangia kiasi gani kutoka kwenye pensheni, karatasi zipi zinahitajika, na nikifa, mke wangu atabaki mwanachama au atatoka? Hilo la mwisho wanaume wengi hawaliulizi. Wake zao ndio huja kulijua jibu, nalo huwafikia wakiwa bado wamo edani.

Waliofanya kazi kwenye kampuni, viwandani au mashirika walichangia INSS, iliyopo tangu 1962. Wajue jambo moja waziwazi: INSS hulipa pensheni na fidia ya ajali za kazini. Haitibu. Nimewasikia wastaafu wakiamini kuwa kitabu cha pensheni kitawafungulia hospitali. Mstaafu wa namna hii, siku bima ya kampuni inapokoma, yuko sawa na jirani yake mchuuzi, na CAM ndiyo hatua yake ya kwanza.

Kisha kuna jambo linalozigusa sana familia za Waswahili wa Gitega na Muyinga, nalo ni ndoa. Wazee wengi walioana msikitini au kimila, wakalea watoto kumi, na hawakufika ofisi ya serikali hata mara moja. Mbele ya Mungu na majirani hao ni mume na mke. Mbele ya sheria ya Burundi ndoa inayotambuliwa ni iliyosajiliwa kwa afisa wa serikali, na sheria ya familia ya 1993 haitambui mke wa pili. Mwaka 2017 serikali iliwaamuru wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria wasajili kabla mwaka haujaisha, na wengi walifanya hivyo kwa harusi za pamoja. Waliobaki nje, hasa wazee walioona haya kwenda kuoana wakiwa na wajukuu, sasa wana mke asiyeweza kuandikwa kwenye kadi ya mume. Kama baba na mama bado hawajasajili, fuateni jambo hili mapema. Cheti cha ndoa ni sehemu ya bima ya mama, na bila hicho anaweza kutibiwa kama mtu baki katika familia aliyoijenga miaka 40. Kwa mama aliyeolewa wa pili hakuna njia ya mkato: akatiwe CAM yake mwenyewe, kwa jina lake, kama kaya inayojitegemea. Ni haki yake, na hakuna haja ya kungoja mabishano ya familia yaishe.

Mitiweli za jamii ni jambo lingine tena. Zimekua kupitia vyama vya wakulima wa kahawa, majimbo ya Kanisa Katoliki, na mashirika ya maendeleo, na baadhi yake zimejiunga katika jukwaa la kitaifa liitwalo PAMUSAB. Wanachama wanachangia kila mwaka, mitiweli inaingia mkataba na vituo fulani na hospitali fulani, na wanachama wenyewe wanachagua kamati yao. Ninazipenda kwa sababu mzee anaweza kumfuata mweka hazina nyumbani kwake na kumuuliza. Zina udhaifu wake: mfuko ni mdogo, na wagonjwa wachache wenye gharama kubwa wanaweza kuumaliza. Kabla ya kuingia, mzee aulize mkataba ni na kituo gani, maana mitiweli yenye mkataba na hospitali ya Mutoyi haimfai sana mtu asiyeweza kusafiri hadi Mutoyi. Aulize pia kipindi cha kusubiri ni miezi mingapi. Nyingi haziruhusu mtu alipe leo na kutibiwa kesho, na hilo ni busara, lakini linamtaka mzee ajiunge akiwa mzima.

Wapo pia akina mama wa vikundi vya akiba na mkopo, vile ambavyo eneo la Gitega vinajulikana kwa jina la Nawe Nuze. Kila wiki wanaweka hisa zao, na kando ya sanduku la mikopo wana mfuko mdogo wa kusaidiana mtu akipata msiba au ugonjwa. Mfuko huo hauwezi kulipia upasuaji. Unaweza kulipia asilimia 20 ambayo CAM imeiacha, siku ileile, bila mtu kuuza mbuzi. Kadi na kikundi vikiwa pamoja vinamfaa bibi mchuuzi wa ndizi kuliko bima ya bei kubwa ambayo itamshinda mwaka wa pili.

Kwa bima za kampuni binafsi sitakaa sana, kwa kuwa wachache wetu wanaziweza. Mtoto aliye na uwezo akitaka kumkatia mzazi, asome kurasa za nyuma kabla ya zile za mbele. Kuna umri wa mwisho wa kupokelewa mara ya kwanza. Kuna maradhi yaliyokuwepo kabla ya mkataba, ambayo ama hayalipiwi kabisa ama hungojewa kwa muda mrefu. Na kwa mzee, maradhi yaliyokuwepo kabla ndiyo hayohayo anayotaka kutibiwa. Kuna kikomo cha fedha kwa mwaka, na mara nyingi kikomo cha dawa za nje kimetengwa peke yake na ni kidogo. Macho na meno huwa na sharti lao. Na usifiche ugonjwa kwenye fomu. Sukari iliyofichwa hugunduliwa siku ya hesabu kubwa, na mkataba unavunjwa siku ambayo unahitajika kuliko siku zote.

Majirani wamepita njia nyingine, na ni vizuri kuzijua kwa kuwa familia zetu zimetapakaa. Rwanda iliifanya mitiweli kuwa ya lazima, kila mtu akihesabiwa kwa kichwa chake, na tangu 2015 inaendeshwa na RSSB, mfuko uleule wa pensheni. Kwa kuwa vijana wasioumwa nao wamo, gharama za wazee zinabebeka. Kenya ilianza SHIF tarehe 1 Oktoba 2024: mwenye mshahara anakatwa 2.75 kwa 100, na asiye na mshahara hachangii chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na sera yake ya wazee ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wasiojiweza waliotimiza miaka 60. Ahadi hiyo haijawafikia wote, lakini imeandikwa, na kilichoandikwa mzee anaweza kukidai dirishani. Kwetu, mtu wa miaka 80 asiye na kitu anategemea cheti cha umaskini, na cheti hicho kinahitaji saini, na saini zinahitaji miguu ya kuzifuata. Ningependa kuona siku ile ya 1 Mei 2006 ikipata ya pili yake, kwa ajili ya walio juu ya miaka 70. Hawatakuwa wengi kama watoto. Nchi hii imewahi kubeba mzigo mzito zaidi ya huo.

Mpaka siku hiyo ifike, watoto ndio bima ya wengi, na hapa nina ombi kwa walioko Bujumbura, Dar es Salaam, Nairobi, Oman na Ubelgiji. Mnatuma pesa baba akishazidiwa. Usiku simu inapigwa, kila mmoja anatafuta, mmoja anakopa, na hospitali inalipwa mara tatu ya kile ambacho kingezuia jambo lenyewe. Kaeni kwenye kikundi chenu cha familia cha simu na mgawane kazi. Mmoja achukue CAM na mitiweli ya mwaka. Mwingine achukue dawa za kila mwezi, azipeleke pesa tarehe ileile kila mwezi kwa mtu mmoja aliye karibu na mzee, na mtu huyo arudishe picha ya dawa zilizonunuliwa. Wa tatu ashike safari, kwa sababu kadi kwa kawaida hailipii nauli. Kutoka Gitega hadi Bujumbura ni kilomita zipatazo 100, na petroli ikiadimika nauli hupanda kwa namna ambayo mzee wa Muyinga anaacha kwenda kliniki ya moyo kabisa. Kwa macho hakuna haja ya kufika Bujumbura. Hospitali ya Kibuye, hapohapo katika mkoa wa Gitega, inapasua mtoto wa jicho. Ulizeni huduma iliyo karibu kabla ya kukodi gari la mbali.

Na wakati wa kulipa una maana yake. Michango ya mwaka inawashinda watu wengi kwa kuwa inadaiwa mwezi ambao nyumba haina kitu. Kwa mkulima, baada ya mavuno ya kahawa na maharage, Juni na Julai, pesa ipo mkononi. Kadi ikatwe wakati huo, kabla ya arusi na kabla ya ada za shule za Septemba. Kwa wastaafu, iwe mwezi uleule wa pensheni kila mwaka, ili tarehe ya kwisha isisahaulike.

Siku ya kwenda komune, chukua kitambulisho cha baba, cha mama, cheti cha ndoa na kadi ya zamani kama ipo, na uyatazame majina yote kabla ya kutoka nyumbani. Wazee wengi wana jina la Kirundi kwenye kitambulisho, jina la Kiislamu kwenye faili la kazi, na mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa tu na karani. Herufi moja ikitofautiana, hospitali inaweza kukataa kadi halali. Kama kuna tofauti, anza na ofisi ya vitambulisho, kisha ndipo uende kwenye kadi, na fanya hivyo wakati mzee bado anaweza kwenda mwenyewe na kuweka dole gumba.